Dada anasema yuko fresh, ila mimi naona hayuko sawa

"Habari daktari. Nina dada yangu ana miaka 44, ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Anafanya biashara ya dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, ananunua kwa wanaotoka visiwani anauza kwa magunia. Tangu mvua ziharibu mzigo wake alichukua mkopo, nadhani ni zaidi ya mmoja, marejesho kila wiki. Sasa kabadilika. Sokoni anacheka na watu kama kawaida ila nyumbani anafokea watoto kwa vitu vidogo, anaamka saa tisa usiku anakaa sebuleni na simu, kichwa kinamuuma kila siku, juzi kamrudishia mteja chenji mara mbili. Tulimpima presha duka la dawa ikaja 150 kwa 95, siku nyingine ikawa sawa. Nikimuuliza anasema niko fresh. Nilimwambia apunguze mawazo akaninunia siku mbili. Jirani anasema karogwa na mwenzie wa sokoni. Hii ni stress au ugonjwa? Nifanyeje, nikope nimlipie? Na nimwambie mama aliyeko Magu?"

Pole sana mdogo wangu, na dada mpe pole hata kama hutamwambia umeniandikia. Kwanza nikurekebishe kidogo, mimi sio daktari wa sindano na vidonge, ni mwanasaikolojia, kwa hiyo mambo ya presha nitakugusia tu ila hayo lazima yaonwe na daktari mwenyewe. Nimesoma meseji yako yote na nadhani kinachokuumiza zaidi ni pale ulipoenda kwa nia njema ukaishia kununiwa, sasa unaona kitu kinaharibika mbele yako na unaogopa kukigusa tena. Tutaanzia hapo hapo.

Niseme umeona vizuri. Watu wengi wanasubiri mtu alie, akonde, ajifungie ndani, ndo waamini ana msongo wa mawazo. Mtu wa sokoni hawezi kujiachia hivyo. Mfanyabiashara akionekana amechoka wateja wanahama, na wanaomdai wakisikia tu kwamba mama fulani siku hizi hayuko vizuri wanakuja kudai kabla ya siku, kwa hiyo dada yako lazima acheke, kicheko ni sehemu ya mtaji. Shida ni kwamba kucheka kwa kujilazimisha kuanzia alfajiri mpaka jioni kunakula nguvu nyingi mno, akifika nyumbani zimeisha, mtoto akimwaga uji kidogo tu inakuwa vita. Kwa hiyo usimpime kwa anavyoonekana Kirumba. Mpime kwa alivyokuwa yeye mwenyewe miezi sita iliyopita. Mpole akianza kufoka, mkali akinyamaza ghafla, mtu wa mahesabu akianza kupoteza chenji, mtu wa kwaya akianza kutafuta sababu za kutokwenda mazoezi, hizo ndo dalili zenyewe. Na kwa wanaume mara nyingi inatokea kwa mlango mwingine kabisa, yani hasira, pombe, kuendesha bodaboda kama kichaa, au mvuvi ambaye siku za mbalamwezi watu wamepumzika yeye hapumziki, anazunguka tu mwaloni hana anachofanya ila hataki kwenda nyumbani. Hao hakuna anayesema wana stress, tunasema wamekuwa wakorofi.

Sasa mwilini kunatokea nini, maana ukielewa hapa utaelewa pia kwa nini alikununia. Ubongo ukiona hatari, unatuma taarifa kwenye tezi ndogo mbili zilizokaa juu ya figo, zinaitwa adrenali, zinamwaga adrenalini halafu kortisoli. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, sukari inaingizwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu, tumbo linapunguza kazi, misuli ya shingo na mabega inakaza (na maumivu mengi ya kichwa ya kila siku yanaanzia hapo shingoni). Huo mfumo ni mzuri sana kama unamkimbia kiboko pale ufukweni, kwa sababu dakika chache umeokoka au haukuokoka, mambo yanaisha na mwili unatulia. Deni la kila wiki haliishi hivyo. Jumanne umelipa, Jumatano unaanza kuiwaza Jumanne nyingine, kwa hiyo mwili unabaki kama injini ya boti iliyoachwa inaunguruma ufukweni, boti haiendi popote ila petroli inaungua usiku na mchana.

Na hiyo saa tisa usiku wala sio ajabu. Usingizi mzito tunaupata zaidi mwanzoni mwa usiku, kuanzia katikati kwenda alfajiri unakuwa mwepesi, mtu mwenye amani anageuka upande wa pili analala tena, mwenye hofu akishtuka kidogo tu wazo la kwanza linalomkuta ni deni, kwisha habari. Anachukua simu, anapiga hesabu, mwanga wa simu unampiga usoni, hesabu haitoshi, ndo moja kwa moja mpaka adhana. Sasa mtu ambaye halali hivyo wiki baada ya wiki, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga, kukumbuka na kujizuia ulimi, inachoka. Chenji mara mbili inatokea hapo, na kufokea watoto kunatokea hapo hapo. Hajaacha kuwapenda wala hajawa mzembe.

Ndo maana "punguza mawazo" ilimuudhi. Hebu fikiria unaambiwa upunguze kitu ambacho mwili wako unakifanya bila kukuomba ruhusa, na anayekuambia hajakuuliza hata unadaiwa shilingi ngapi. Kwa sikio lake yeye alisikia kwamba kosa ni la kichwa chake. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa ajili ya watu wa kawaida kabisa sio wataalamu, na kiini chake ni mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Utaona kushauri hakumo. Wewe uliangalia vizuri kuliko wengi, halafu ukaruka kusikiliza ukaenda moja kwa moja kwenye kushauri, kitu ambacho karibu wote tunakifanya kwa watu tunaowapenda kwa sababu tunataka ziishe haraka, na ukweli tunataka ziishe ili na sisi tupumue.

Sasa ukirudi kwake, rudi tofauti. Usimkalishe sebuleni mkaangaliana kama kikao cha ukoo. Nenda naye kazini siku moja, mkiwa mnachambua dagaa, mnatoa mchanga na takataka, mikono ina kazi macho yako chini, hapo ndo watu wanaongea. Anza na ulichokiona bila kukipa jina, mwambie kama hivi, "Dada, nimekuona usiku umekaa sebuleni, sio mara moja, na najua tangu ule mzigo uloe mambo hayajakaa sawa. Sitaki kukushauri kitu, nataka tu nijue uko wapi." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote. Atasema niko fresh, sawa, mjibu "haya dada, nipo," endelea kuchambua. Pengine siku hiyo hatasema kitu, atasema siku ya tatu mkiwa kwenye daladala. Akianza kufunguka usikimbilie "Mungu yupo", wala "wenzako wana makubwa zaidi". Mungu yupo kweli na dada yako anajua, ila tukilitumia neno hilo mapema linafanya kazi ya kufunga mazungumzo. Sema "pole dada", uliza "kipi kinakuwa kigumu zaidi?", akitaja kitu kirudie kwa maneno yako aone umeelewa. Basi.

Kuhusu jirani na kurogwa. Sitabishana na imani ya mtu, mimi mwenyewe nimekulia huku kanda ya ziwa najua tunavyoishi, ila angalia mambo mawili ya kawaida kabisa. Moja, dalili zote ulizoandika zinaelezeka vizuri na mvua, deni na kukosa usingizi, hakuna hata moja iliyobaki nje inayohitaji mchawi. Pili, ukimpa dada hilo wazo umemuongezea adui sokoni kwake, sehemu anayopaswa kwenda kila siku na anayohitaji watu wamsitiri siku mzigo ukigoma, na mganga naye ana bei. Kama familia inataka maombi, yafanyike, hayagombani na kupumzika wala na hospitali. Mtu akiwaambia muache hospitali kwanza, hapo mkatae.

Tuje kwenye presha. 150 kwa 95 ni juu, kipimo tunachokiogopa kinaanzia 140 kwa 90, ila kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa wa presha. Inatakiwa apimwe siku tofauti, akiwa amekaa na kutulia kama dakika tano, mgongo umeegemea, hajatoka kubeba ndoo, hajanywa kahawa muda huo, mkono uwe usawa wa moyo. Duka la dawa mara nyingi mtu anaingia anahema anapimwa hapo hapo. Lakini usije ukasema "ni stress tu" ukaiacha, hilo ni kosa lingine kubwa kama la kurogwa. Umri wa miaka 44 presha ya kweli inawezekana kabisa, sukari inawezekana, upungufu wa damu pia, tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta mapigo ya moyo na kukosa usingizi vile vile, na kuna mwili kujiandaa kukoma hedhi, mwanamke anaamka usiku amelowa jasho na anakuwa mkali bila kujielewa, na huku kwetu hakuna anayelisema. Kwa hiyo swali lako la stress au ugonjwa, jibu la haki ni kwamba kwa maelezo yako msongo upo wazi, ila unaweza kuwa na mwenzie, na bila vipimo hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika. Akianza kulalamika tumbo pia asiambiwe mawazo yamempa vidonda. Vidonda vya tumbo vingi vinatokana na bakteria au na matumizi ya dawa za maumivu kama diklofenaki, na mtu anayeumwa kichwa kila siku uwezekano ni mkubwa kwamba anazimeza sana hizo dawa. Muulize anameza nini. Dawa za maumivu zikimezwa karibu kila siku zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa, na hiyo diklofenaki inaweza kupandisha presha.

Muulize pia anatumia nini kulala. Wengi wanameza piritoni kwa ajili ya usingizi, wengine wanapata vidonge vikali zaidi bila cheti, wengine wanapiga bia mbili. Pombe inakulaza haraka ni kweli, halafu usiku wa manane inakuamsha, saa tisa ile ile. Vidonge vikali vya usingizi mwili unavizoea na kuviacha inakuwa kesi nyingine. Kitu cha bure ambacho kinasaidia kweli ni kutoongelea pesa baada ya saa tatu usiku, simu ilale chumba kingine, na akiamka asilazimishe usingizi, akae avute pumzi taratibu, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta, kama akivuta kwa hesabu ya nne basi atoe kwa hesabu ya sita, dakika kadhaa. Hailipi deni hiyo, najua. Inapunguza tu mapigo ya moyo ili angalau alale masaa mawili ya mwisho.

Deni ndo mzigo wenyewe na hapa ndo unaweza kusaidia kuliko popote. Usikope kumlipia. Najua moyo unakuambia ufanye hivyo, amekulea, lakini ukichukua mkopo bila kujua anadaiwa na nani na kiasi gani, mwisho wa mwezi mtakuwa wawili mnaoamka saa tisa. Na hizi kausha damu, yani mikopo ya mtaani ya riba kubwa, zina tabia moja, deni moja linalipwa kwa mkopo mwingine, ukiziba hapa linafumuka pale. Anzeni na daftari. Nani anadai, kiasi gani kilichobaki, siku gani ya rejesho, nini kitachukuliwa akishindwa, friji au magodoro au nini. Watu wengi wenye msongo hawajawahi kuandika deni lao lote sehemu moja kwa sababu wanaogopa kuliona, linabaki linazunguka kichwani likiwa kubwa kuliko lilivyo, au wakati mwingine dogo kuliko lilivyo, ambayo ni mbaya zaidi.

Halafu chagueni moja tu la kuanza nalo. Kule Zimbabwe kuna mpango ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda mwaka 2006, wamewafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, wanasikiliza, halafu wanamsaidia mtu achague tatizo moja kati ya yote na hatua moja ndogo ya wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha baada ya miezi sita waliopita kwenye lile benchi walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hatua ya dada inaweza kuwa kwenda kuongea na mkopeshaji mmoja marejesho yasogezwe au yapunguzwe, wewe ukiwepo, na mkapewe mkataba mkausome. Anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kwa hiyo kuuliza leseni sio ukorofi. Kama kuna vitisho au wanataka kubeba vitu vya ndani, nendeni ofisi ya kata mumuone afisa maendeleo ya jamii, na muulizie wasaidizi wa kisheria wa karibu. Afisa huyo huyo ndiye mwenye taarifa za mikopo ya halmashauri ya vikundi vya wanawake isiyo na riba, ila hiyo iwe ya kuinua mtaji baadaye, sio ya kukimbilia leo kulipa kausha damu.

Vitu vingine ni vidogo ila usividharau. Chukua kazi yake moja na uiseme kwa jina, sio "ukihitaji kitu niambie", hiyo hakuna anayeitumia. Sema "Jumamosi nakuja kukaa na watoto wewe ulale mpaka saa nne", au "mvua ikitanda nipigie nije tuanue dagaa". Hiyo ya mvua kwa mtu aliyepoteza mzigo kwa kuloa ina uzito kuliko mahubiri yote, kwa sababu kila wingu likitokea upande wa ziwa moyo wake unaanza upya. Na watoto waambie kwa lugha yao kwamba mama amechoka na biashara, sio wao waliokosea, maana watoto wakikosa maelezo wanajitungia wenyewe na mara nyingi wanajitia hatiani.

Lini mwende hospitali bila kusubiri? Maumivu ya kifua, hasa yakienda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, au upande mmoja wa mwili kulegea, au mdomo kupinda, hapo ni kukimbia saa hiyo hiyo. Kwa hili la kawaida, aende wiki hii apimwe presha vizuri, sukari na damu. Na ukiona kwa wiki mbili mfululizo karibu kila siku amenyong'onyea, hapendi tena vitu alivyovipenda, hali chakula, anajiona hana thamani, tumeshatoka kwenye msongo tunaingia kwenye sonona, na sonona inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu na pale inapobidi kwa dawa. Hospitali za Bugando na Sekou Toure hapo Mwanza zote zina huduma ya afya ya akili. Akikataa kusikia neno akili, msibishane, nendeni kwa ajili ya presha na kichwa, hizo zipo kweli sio uongo, mkiwa ndani ya chumba mwambieni daktari kuhusu usingizi na madeni, atajua pa kuwaelekeza.

Kuna swali moja nataka umuulize mkiwa wawili, na usilizunguke: "Dada, umewahi kufikia kuona bora usiwepo, au kufikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba ukiuliza umemfundisha. Haiko hivyo, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, wengi wanapata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Akisema ndiyo, usimlaumu na usimuache peke yake hata kidogo, toa ndani vidonge na sumu za shambani au za panya, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, mapokezi ya dharura yapo wazi. Usikubali kuapishwa kwamba hutamwambia mtu.

Na mama wa Magu. Kama hakuna hatari hiyo niliyoisema hapo juu, usimpigie kabla hujamuuliza dada, kwa sababu yeye ndo amekuwa nguzo ya hiyo familia na mama akianza kulia kwenye simu dada atalazimika kumbembeleza yeye, kazi imeongezeka. Mwambie "naona mama angefaa kujua, wewe unaonaje, tumwambie kiasi gani?" Akikataa, muulize kama kuna shangazi au rafiki wa sokoni anayemuamini, mradi usibaki peke yako na jambo hili. Kama hatari ipo, mama ajue leo, mengine mtaombana msamaha baadaye.